Ukigusa samaki kwenye orodha, skrini inajuaje ni yupi?

Tuseme umefungua programu ya simu yenye bei za samaki wa Deep Sea, Tanga: changu, kolekole, nguru, tasi, orodha ya majina 300. Unagusa nguru, skrini ya nguru inafunguka. Ajabu ni kwamba mstari uliougusa haujui kuwa ni wa nguru.

Sababu ni kubana matumizi. Simu haitengenezi mistari 300. Inatengeneza inayoenea kwenye kioo, labda kumi, na michache ya akiba. Ukisogeza orodha, mstari wa changu ukishapotea juu unafutwa, unaandikwa jina jingine na kuibukia chini. Kwenye Android kazi hiyo ni ya RecyclerView, iliyotoka 2014, pamoja na adapta, kipande cha programu kinachojaza mistari. iPhone nayo hurudia mistari yake vivyo hivyo. Ndiyo maana anayeanza kujifunza humwekea changu tiki, akasogeza orodha, akakuta tiki imemkalia tasi: aliiweka kwenye mstari badala ya kwenye taarifa za samaki.

Basi mstari ukiguswa hufanya nini? Unabipu tu. Skrini yenye orodha huiachia adapta namba yake mapema, yaani kipande cha programu cha kuitwa mtu akigusa. Adapta inaita na kutaja aliyeguswa. Skrini ndiyo inaamua kufungua bei, kufuta au kunyamaza. Wapo wanaoona huo ni mzunguko wa bure, wakaiamuru adapta ifungue skrini yenyewe. Itakubali, mpaka orodha hiyohiyo itakapotakiwa kwenye skrini nyingine, ile ya mama lishe wa Ngamiani kuchagua samaki wa kuagiza.

Nafasi ya mstari, yaani ni wa ngapi kwenye orodha, nayo iulizwe palepale kidole kinapogusa. Ukiikariri mapema, akifutwa samaki mmoja juu, wa chini wote wamesogea; unagusa nguru, anafunguka jirani yake.

Skrini inayofuata ipewe kitambulisho cha samaki, picha yake ibaki. Kwenye Android, mizigo ya kufungulia skrini hupitia nafasi ya takriban megabaiti 1, tena programu nzima inagawana hiyohiyo. Picha moja ya kamera za siku hizi inaweza kuijaza, na programu ikazimika. Kwa kitambulisho, skrini ya pili inajisomea mengine kwenye hifadhidata. Bei ikibadilishwa inaandikwa humohumo, na orodha iliyoagizwa kuisikiliza hifadhidata inajisahihisha bila kuambiwa na skrini yoyote.