Je, Wajua Kwa Nini Waliberali wa Uingereza Waliikosoa Serikali Yao Katikati ya Vita vya Makaburu?

Usiku wa tarehe 18 Desemba 1901, mbunge wa chama cha Liberal, David Lloyd George, alisimama kuhutubia mkutano katika ukumbi wa mji wa Birmingham, lakini hotuba yake haikusikika. Maelfu ya watu walikuwa wameuzingira ukumbi huo, mawe yakavunja madirisha, na kundi la wenye hasira likaingia ndani na kulielekea jukwaa. Polisi walilazimika kumvisha Lloyd George sare ya polisi wa kawaida na kumtoa nje katikati ya kundi la polisi, ili umati usimtambue. Watu wengi walijeruhiwa. Kosa lake lilikuwa kusema hadharani, tena katika mji aliokuwa akiuwakilisha bungeni Waziri wa Makoloni Joseph Chamberlain, kwamba vita ambavyo taifa lake lilikuwa likipigana kule Afrika Kusini havikuwa vya haki.

Mtu wa leo anaweza kujiuliza: kwa nini wanasiasa waliotaka kura walichagua njia hiyo ya hatari, ya kuikosoa serikali wakati askari wa nchi yao walikuwa wakifa vitani?

Vita hivyo vilianza tarehe 11 Oktoba 1899, baina ya Dola ya Uingereza na jamhuri mbili za Makaburu, wazungu wa Afrika Kusini wenye asili ya Uholanzi hasa, yaani Transvaal na Dola Huru ya Orange. Hao ndio Makaburu ambao baadhi yao, baada ya kushindwa, walipanda meli hadi Mombasa na kufanya makazi katika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908. Serikali iliyokuwa madarakani London ilikuwa ya Wahafidhina chini ya Lord Salisbury, ikishirikiana na kundi la Waliberali waliojitenga na chama chao mwaka 1886 kwa sababu ya suala la Ireland. Chamberlain alikuwa kinara wa kundi hilo. Mgogoro wenyewe ulikuwa umechochewa na dhahabu iliyogunduliwa Witwatersrand mwaka 1886, ambayo iliwaleta Transvaal wageni wengi, hasa Waingereza. Rais Paul Kruger hakutaka kuwapa wageni hao kura kwa urahisi, na Chamberlain pamoja na mwakilishi wake Cape Town, Alfred Milner, wakaifanya haki hiyo ya kura kuwa hoja ya kumbana.

Waliberali waliokosoa walikuwa na sababu za zamani na sababu mpya. Ya zamani ilikuwa urithi wa William Gladstone, kiongozi wao wa miaka mingi, ambaye mwaka 1881, baada ya majeshi ya Uingereza kushindwa katika mlima Majuba, alikubali kuwarudishia Makaburu wa Transvaal mamlaka ya kujitawala badala ya kutuma jeshi kubwa zaidi kulipiza kisasi. Kwa wafuasi wake, taifa kubwa halikuwa na haki ya kulimeza taifa dogo kwa sababu tu lilikuwa na nguvu, na fedha za walipa kodi hazikupaswa kumwagwa katika vita ambavyo mazungumzo yangeweza kuviepusha. Sababu mpya ilikuwa kumshuku Chamberlain mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1895, kikosi cha wapanda farasi kikiongozwa na Leander Starr Jameson, mshirika wa tajiri Cecil Rhodes, kiliivamia Transvaal kwa lengo la kuipindua serikali ya Kruger, nacho kikashindwa kwa aibu. Uchunguzi wa Bunge ulimsafisha Chamberlain, lakini Waliberali wengi hawakuridhika na namna ulivyofanywa. Vita vilipozuka, Lloyd George alikwenda mbali zaidi na kuhoji Bungeni kandarasi za serikali zilizokwenda kwa makampuni yenye uhusiano na jamaa za waziri huyo, ikiwamo Kynoch ya kutengeneza risasi na baruti, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Arthur Chamberlain, ndugu wa waziri.

Mchumi wa Kiliberali J. A. Hobson, aliyetumwa Afrika Kusini na gazeti la Manchester Guardian mwaka 1899, alirudi akidai kwamba nyuma ya bendera walikuwepo wenye migodi na wenye mitaji. Nadharia yake kuhusu ubeberu ilisomwa kwa miongo mingi baadaye, hata na watu wa mrengo wa kushoto kabisa. Hata hivyo, ni haki kusema kwamba baadhi ya maandishi yake kuhusu vita hivyo yaliwatwika lawama matajiri wa Kiyahudi kwa sababu ya asili yao, na doa hilo halifutwi na ukweli kwamba alikuwa sahihi katika mambo mengine.

Mwanzoni ukosoaji huo haukuwa na nguvu kubwa. Makaburu ndio waliotoa ilani ya mwisho na ndio waliovuka mpaka kuingia Natal, koloni la Uingereza, kwa hiyo serikali iliweza kusema kwamba nchi imeshambuliwa. Waliberali wenyewe hawakuwa kitu kimoja. Walikuwepo akina Lord Rosebery, H. H. Asquith, Edward Grey na R. B. Haldane, walioiunga mkono Dola na vita vyake. Walikuwepo akina Lloyd George na John Morley, waliovipinga waziwazi na kuitwa wapenda Makaburu. Na katikati alikuwepo kiongozi wa chama bungeni, Sir Henry Campbell-Bannerman, Mskoti mtulivu aliyejaribu kukizuia chama kisipasuke. Kura ilipopigwa Bungeni mwezi Julai 1900 kuhusu sera ya vita, chama kiligawanyika mara tatu: waliokuwa upande wa serikali, waliokuwa kinyume nayo, na waliokataa kupiga kura.

Serikali ilitumia vyema udhaifu huo. Pretoria ilikuwa imetekwa tarehe 5 Juni 1900, watu wengi wakaamini vita vimekwisha, na uchaguzi mkuu ukaitishwa kati ya Septemba na Oktoba mwaka huo, ule unaokumbukwa kama uchaguzi wa kaki kwa sababu ya rangi ya sare za askari. Kampeni ya upande wa Chamberlain ilieneza usemi kwamba kila kiti kitakachopotezwa na serikali ni kiti kilichochukuliwa na Makaburu. Wahafidhina na washirika wao walipata viti zaidi ya 400, na Waliberali chini ya 190. Kwa maoni yangu usemi ule ulikuwa dhuluma, maana uliwafanya wapinzani halali wa serikali waonekane maadui wa taifa, ilhali wengi wao walikuwa wamepitisha fedha za jeshi bila kipingamizi.

Kilichobadilisha mambo ni namna vita vilivyoendeshwa baada ya ushindi huo. Makaburu hawakusalimu amri, bali waligawanyika katika vikundi vidogo vya wapanda farasi, wakawa wanavizia misafara na kuharibu reli. Jeshi la Uingereza, kwanza chini ya Lord Roberts na kisha chini ya Lord Kitchener aliyeshika uongozi mwezi Novemba 1900, lilijibu kwa kuchoma mashamba ili wapiganaji wakose chakula na mahali pa kujificha. Takriban nyumba 30,000 za mashambani ziliteketezwa, mifugo ikachinjwa au kuswagwa, na wanawake na watoto waliobaki bila makazi wakapelekwa katika kambi zilizowekwa kando ya reli.

Kwa muda mrefu habari za kambi hizo zilifika London kwa vipande vipande. Aliyezileta zikiwa kamili ni Emily Hobhouse, mwanamke wa miaka arobaini kutoka Cornwall, aliyekuwa katibu wa tawi la wanawake la kamati iliyotaka mapatano. Alianzisha mfuko wa kuwasaidia wanawake na watoto, akafika Cape Town mwishoni mwa Desemba 1900, na mwezi Januari akaingia kambi ya Bloemfontein. Alikuta watu wapatao 2,000 katika mahema juu ya uwanda usio na mti hata mmoja, familia zikiwa zimesongamana ndani ya hema moja wakati wa jua kali. Maji yalitoka mto Modder yakiwa machafu, na kuni za kuyachemsha hazikutosha. Alipouliza kwa nini hakuna sabuni, alijibiwa kwamba sabuni ni kitu cha anasa. Akadai iletwe, akadai birika kubwa za kuchemshia maji, akadai majani ya kulishia ng'ombe ili watoto wapate maziwa. Aliporudi baada ya kuzitembelea kambi nyingine, alikuta idadi ya watu imeongezeka maradufu na surua na homa ya matumbo zimeshika kasi.

Lilikuwepo jambo jingine lililowachoma wasomaji wa Uingereza lilipojulikana: hapo mwanzo, familia ambazo wanaume wao walikuwa bado vitani zilipewa mgawo wa chakula mdogo kuliko familia za waliosalimu amri. Yaani mtoto alipunguziwa chakula ili baba yake aliyeko mbali alegee. Maswali yalipoulizwa Bungeni mapema mwaka 1901, utaratibu huo uliachwa.

Hobhouse alirudi Uingereza mwezi Mei 1901, akamweleza Waziri wa Vita, St John Brodrick, aliyoyaona, na mwezi Juni akakutana na Campbell-Bannerman. Kiongozi huyo, ambaye hadi hapo alikuwa amepima kila neno lake, alimsikiliza kwa saa nzima na zaidi. Siku iliyofuata, tarehe 14 Juni, akizungumza katika karamu ya kisiasa kwenye mkahawa wa Holborn jijini London, aliuliza vita huwa si vita wakati gani, kisha akajibu mwenyewe: ni pale vinapoendeshwa kwa mbinu za kishenzi huko Afrika Kusini. Swali hilo lilikuwa na shabaha. Serikali ilikuwa ikijitetea kwa kusema vita ni vita, na papo hapo ikiwaambia wananchi kwamba vita vyenyewe vimekwisha na kilichobaki ni kuwasaka wakorofi wachache.

Magazeti ya upande wa serikali yalimrukia Campbell-Bannerman kwa madai kwamba amewatukana askari. Naye alifafanua kwamba hakuwalaumu askari waliotii amri, bali sera na walioitunga. Tofauti hiyo ndiyo iliyoubeba ukosoaji wote, na wale waliomshambulia hawakutaka kuiona. Siku tatu baadaye Lloyd George aliwasilisha suala la kambi Bungeni. Hoja ilishindwa, na baadhi ya Waliberali wa mrengo wa Rosebery walikataa kupiga kura pamoja na kiongozi wao.

Hata hivyo, serikali haikuweza kukaa kimya. Iliunda tume ya wanawake peke yao chini ya Millicent Fawcett, ambaye mwenyewe aliunga mkono vita, na kwa sababu hiyo wengi walitarajia aje na ripoti ya kuipendeza serikali. Tume ilizunguka kambi kuanzia Agosti hadi Desemba 1901, na matokeo yake yalithibitisha sehemu kubwa ya yale Hobhouse aliyoyasema. Mwezi Oktoba 1901 vifo vilikuwa vimefikia kiwango cha watu 344 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Mwezi uliofuata usimamizi wa kambi ulianza kuhamishwa kutoka kwa jeshi kwenda kwa utawala wa kiraia wa Milner, chakula na matibabu vikaboreshwa, na kufikia Februari 1902 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi 69. Kwa wengi msaada ulikuwa umechelewa: takriban Makaburu 28,000 walikufa kambini, na zaidi ya 22,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 16.

Waliosema walilipia. Mwezi Oktoba 1901 Hobhouse alisafiri tena kwenda Cape Town, akazuiwa kushuka melini na hatimaye akarudishwa kwa nguvu. Manchester Guardian, chini ya mhariri wake C. P. Scott, ambaye pia alikuwa mbunge, lilipoteza wasomaji, na nyumba ya Scott ikahitaji ulinzi wa polisi.

Lipo, hata hivyo, jambo ambalo wakosoaji hao hawakuliona, au waliliona wakalipita. Zaidi ya Waafrika laki moja nao walifungiwa katika kambi zao, wakiwa wameondolewa kwenye mashamba yaleyale yaliyochomwa. Wanaume wengi walifanyishwa kazi na jeshi, na waliobaki walitakiwa kujilimia chakula chao wenyewe. Vifo vilivyoandikwa katika kambi hizo vinazidi 14,000, na watafiti wa baadaye wanaamini idadi halisi ilivuka 20,000. Hobhouse alijua kwamba kambi hizo zipo, lakini hakuzitembelea. Tume ya Fawcett ilitumwa kuangalia kambi za wazungu peke yake. Na katika mijadala mikali ya Bunge ya mwaka 1901 watu hao walitajwa kwa nadra mno.

Upofu huo uliendelea hata baada ya amani kutiwa sahihi tarehe 31 Mei 1902. Kifungu cha nane cha mkataba kiliahirisha suala la kura ya Waafrika hadi baada ya Makaburu kupewa serikali zao wenyewe. Wahafidhina waliachia madaraka Desemba 1905, Campbell-Bannerman akawa Waziri Mkuu, na katika uchaguzi wa mwanzoni mwa 1906 Waliberali walipata takriban viti 400, wakisaidiwa pia na hasira za watu kuhusu vibarua wa Kichina waliopelekwa migodini. Transvaal ilirudishiwa mamlaka ya kujitawala mwishoni mwa mwaka huo, na jenerali Louis Botha, aliyekuwa akiwapiga Waingereza miaka michache nyuma, akawa waziri mkuu wake mwaka 1907. Waliberali waliona fahari juu ya uungwana huo. Lakini mwaka 1909 ujumbe wa W. P. Schreiner, Walter Rubusana, John Tengo Jabavu na Abdullah Abdurahman ulipofika London kuliomba Bunge liondoe ubaguzi wa rangi katika sheria ya Muungano wa Afrika Kusini, serikali ya Asquith, aliyekuwa amemrithi Campbell-Bannerman, iliusikiliza, kisha ikaipitisha sheria hiyo pamoja na kipengele kilichowazuia wasio wazungu kuingia katika Bunge jipya. Sheria ilianza kutumika tarehe 31 Mei 1910, miaka minane kamili tangu mkataba wa amani.