Je, wajua kwa nini daktari humwambia aliyepinda mdomo ainue nyusi?

Alfajiri moja, Mji wa Kale, shangazi alikuwa akisukutua, maji yakamchirizika pembeni mwa mdomo. Mdomo ulikuwa umekwenda kushoto, jicho la kulia halifumbi, na kipaji upande huo kimenyooka kama kimepigwa pasi. Majirani wakasema kapigwa na upepo. Mimi nikasema kiharusi, tena kikubwa, maana upande mzima ulikuwa umelala. Lau kipaji kingesalimika, ningetulia.

Nilikosea, na wengi hukosea hapohapo: twaona kilichopooza ni kingi, twadhani dhara limeanzia juu, ubongoni. Usoni mambo ni kinyume. Kiharusi cha kawaida hulegeza mdomo lakini kipaji hukunjika vizuri. Kipaji kilichosalimika ndicho cha kutia hofu zaidi.

Chukua mfano wa maji yetu ya Mombasa, mengine ya Mzima, mengine ya Baricho. Tuseme nyumba ina mifereji miwili: wa juu wapata maji ya kote kuwili, wa chini ya Baricho tu. Baricho ikikatika, wa chini hukauka na wa juu huendelea kutoka. Lakini bomba la mwisho likipasuka mlangoni, yote miwili hukauka, hata kama huko kote maji ni tele. Kipaji ndio mfereji wa juu: hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Mdomo hutegemea zaidi upande mmoja, ule wa mkabala. Bomba la mwisho ni neva ya saba, ile ya uso, ipitayo ndani ya mfupa karibu na sikio, kwenye njia nyembamba mno. Ikivimba humo hubanwa. Huko ndiko kupooza kwa Bell.

"Mama, hebu inua nyusi," daktari akasema. Ikapanda ya kushoto peke yake. Mikono, miguu na usemi vilikuwa sawa. Akamuuliza habari za sikio.

"Adhana leo imenipasua sikio hili la kulia."

Kijisuli cha ndani ya sikio kinachopunguza makali ya sauti hulishwa na tawi la neva hiyohiyo, lichipukalo humo mfupani. Lalamiko hilo likamwonyesha neva imebanwa wapi.

Kanuni hii ina mwanya. Kiharusi cha shina la ubongo, pale neva inapoanzia, chaweza kulaza uso mzima vilevile. Kwa hiyo mdomo ukipinda ghafla, ni hospitali saa hiyohiyo, kipaji kikunjike kisikunjike. Hata dawa za Bell hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72.

Shangazi alilala na jicho limebandikwa plasta lisikauke. Wiki ya tatu, akinuna juu ya chai iliyopoa, mkunjo mmoja ukatokea kipajini upande wa kulia.