Boma la miti halikuishia zama za mishale

Wengi huamini kwamba boma la miti lilikuwa kinga ya mishale na mikuki tu, na mizinga ilipokuja likawa kuni. Sivyo. Mwaka 1845 huko Ohaeawai, New Zealand, Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, walijenga boma mahsusi kwa vita vya bunduki. Ua wa nje ulivikwa majani ya harakeke, mmea wa huko wenye nyuzi ngumu, ambayo yalipunguza nguvu za risasi na kuficha palipobomoka. Wapiganaji wenyewe walikaa handakini nyuma yake, wakifyatua kupitia uwazi ulioachwa chini ya ua. Ubunifu huu unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa. Waingereza walilipiga kwa mizinga siku kadhaa. Tarehe 1 Julai Kanali Despard akaamuru askari wavamie, na takriban 40 wakafa. Boma halikutekwa: Wamaori waliliacha wenyewe usiku, siku chache baadaye.