Mzazi aliyechaguliwa BOM: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wazazi wa shule ya msingi ya umma nchini Kenya wanapokutana kuwachagua wenzao sita wa kuingia Bodi ya Usimamizi, yaani BOM, mengi husemwa pale uwanjani ambayo sheria haiyatambui. Wapo wanaodhani wamemchagua mkubwa wa mwalimu mkuu. Wapo wanaodhani wamemchagua mtu wa kunywa chai na kutia sahihi. Dhana zote mbili huigharimu shule, na gharama yake huonekana kwenye paa linalovuja, ghala la mahindi lililopungua na watoto wanaorudishwa nyumbani katikati ya wiki. Tumekusanya hapa yanayosikika mara nyingi, tukayaweka kando ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013.

"Ukishapigiwa kura umeshakuwa mwanabodi"

Bado. Wazazi huchagua, lakini anayeteua ni Bodi ya Elimu ya Kaunti. Majina hupelekwa huko, na hadi uteuzi ufanyike huna kiti wala sahihi yako haina nguvu kwenye karatasi yoyote ya shule.

Safari hiyo ya majina kutoka shuleni hadi kaunti ndiyo hatari. Mzazi aliyepata kura nyingi anaweza kukuta jina lake limepotea njiani na la mwingine limeingia. Kinga yake ni kumbukumbu za siku ya uchaguzi kuandikwa pale pale, si kesho yake: idadi ya waliohudhuria, majina ya wagombea, kura za kila mmoja, na sahihi za aliyesimamia na aliyeandika. Wazazi wawili watatu wapige picha ya ukurasa huo kabla watu hawajatawanyika. Orodha ikibadilika baadaye, malalamiko yanayoandamana na picha hiyo husikilizwa. Yasiyo na karatasi huonekana kama chuki ya aliyeshindwa.

Kifungu cha 56 kinataja pia wenzako mezani: mmoja aliyependekezwa na Bodi ya Elimu ya Kaunti, mwalimu mmoja aliyechaguliwa na walimu, watatu wa mfadhili (mara nyingi kanisa au msikiti ulioanzisha shule), mmoja wa makundi maalumu katika jamii, mmoja wa watu wenye mahitaji maalumu, na mwakilishi wa baraza la wanafunzi. Hesabu: wazazi ni 6 kati ya 14. Ndilo kundi kubwa kuliko jingine lolote, lakini ninyi sita peke yenu hampitishi kitu. Mzazi anayeingia akiwa amegombana na mwalimu na wawakilishi wa mfadhili tangu siku ya kwanza atakaa kipindi chake chote akishindwa kura.

"BOM na PTA ni kitu kimoja"

Jina PTA, yaani chama cha wazazi na walimu, ni la zamani na bado limeshika midomoni. Sheria ya 2013 inatambua Chama cha Wazazi, ambacho kila mzazi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama wake. Chama huchagua kamati yenye mwakilishi wa kila darasa pamoja na walimu wawili, na mwenyekiti wake na wanachama wengine wawili huongezwa kwenye BOM. Hao watatu ni mbali na wale sita mliowachagua.

Kazi ni tofauti. Chama hujadili, hushauri, hupendekeza. Bodi ndiyo inayopokea fedha za shule, kuzisimamia na kuzitolea hesabu. Kwa hiyo wazazi wakikubaliana kujenga choo kipya cha wasichana, fedha zao ziingie akaunti ya shule, si namba ya M-Pesa ya mweka hazina wa kamati, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Fedha iliyopita kwenye simu ya mtu haimo kwenye vitabu vya shule, na isiyomo vitabuni hakuna mkaguzi atakayeitafuta.

"Nilichaguliwa na wazazi wa Gredi ya 4, nitapigania Gredi ya 4"

Anayelisemea darasa ni mwakilishi wa darasa kwenye kamati ya Chama. Ukiwa BOM unaamua mambo ya shule nzima, pamoja na ya sekondari ya chini ikiwa shule yenu inaihifadhi. Na suala la mtoto wako mwenyewe, awe ameonewa au amekosea, lipeleke kwa mwalimu wa darasa kama mzazi mwingine yeyote. Likifika kwenye kamati ya nidhamu, toka nje ya chumba.

"Bodi ikimkataa mwalimu, lazima ahame"

Walimu wa kudumu huajiriwa, huhamishwa na kuadhibiwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, kwa mujibu wa kifungu cha 237 cha Katiba. BOM inaweza kuishauri Bodi ya Elimu ya Kaunti kuhusu upungufu wa walimu, na inaweza kuandika malalamiko yenye ushahidi: tarehe, vipindi ambavyo havikufundishwa, majina ya walioshuhudia. Kumfungia mwalimu lango ni kosa ambalo huishia na watoto kukaa bila somo, na wazazi wakiitwa kituo cha polisi.

Wafanyakazi wasio walimu ni suala jingine. Mpishi, mlinzi, karani na mtunza bustani huajiriwa na bodi yenyewe, na bodi ndiyo inayowalipa. Hapo ndipo bodi nyingi hulegea. Mlinzi anafanya kazi miaka 6 bila barua ya ajira, kisha anaachishwa kwa neno la mdomo, na shule inashtakiwa. Kila aliyeajiriwa awe na barua, mshahara uliotajwa, na makato ya lazima yanayofika yanakotakiwa.

"Mwalimu mkuu ndiye bosi wa bodi"

Mwalimu mkuu ni katibu wa bodi. Huandaa ajenda, huandika kumbukumbu, hutekeleza yaliyoamuliwa. Nguvu yake haitoki kwenye cheo hicho, hutoka kwenye karatasi: anayeandika kumbukumbu ndiye anayeamua nini kitakumbukwa.

Basi mzazi azijue kumbukumbu. Dai nakala ya ajenda na ya kumbukumbu zilizopita siku kadhaa kabla ya kikao, usikubali kusomewa haraka haraka huku chai ikimiminwa. Angalia vitu vinne: waliohudhuria, uamuzi wenyewe, kiasi cha fedha kwa tarakimu, na nani atatekeleza kufikia lini. "Bodi ilikubali ukarabati ufanyike" si uamuzi. "Bodi iliidhinisha Sh48,000 kununua mabati 40 ya geji 30 kwa paa la Gredi ya 2" ni uamuzi unaoweza kufuatiliwa. Ukiona jambo halikusemwa vile lilivyoandikwa, lisahihishe kabla mwenyekiti hajatia sahihi. Baada ya sahihi, umelikubali.

"Mambo ya pesa tuwaachie wenye kuelewa hesabu"

Hii ndiyo dhana inayozidhuru shule kuliko nyingine zote, na hesabu inayohitajika ni ya kujumlisha na kutoa.

Anza na kinachoingia. Serikali imepanga Sh1,420 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, zikigawanywa asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Shule ya wanafunzi 400 ingepaswa kupata Sh568,000: yaani 284,000, kisha 170,400, kisha 113,600. Mara nyingi hupungua au huchelewa. Uliza ni ngapi zimefika na tarehe gani, ukionyeshwa taarifa ya benki. Uliza pia idadi ya wanafunzi iliyopelekwa wizarani, uilinganishe na madaftari ya mahudhurio. Wanafunzi hewa ni kosa, na wanafunzi waliosahaulika ni fedha iliyopotea.

Halafu linganisha benki na daftari la fedha. Tuseme taarifa ya benki mwisho wa mwezi inaonyesha Sh96,400, na kuna hundi mbili zilizoandikwa ambazo wenyewe hawajazipeleka benki, ya 18,000 na ya 7,500. Toa 25,500. Daftari la shule linapaswa kusoma Sh70,900. Likisoma vingine, huenda kuna malipo yasiyoandikwa au mapato yasiyopelekwa benki, na katibu aeleze kabla ya ajenda nyingine. Kazi hii haizidi dakika 20. Ikifanywa kila mwezi, wakaguzi wa wizara hukuta vitabu safi. Ikiachwa mwaka mzima, hakuna anayekumbuka hundi ilikuwa ya nini.

Manunuzi ndiyo mlango wa pili. Mkiletewa bei za wauzaji watatu, ziweke mezani zote kwa pamoja mzitazame. Mwandiko mmoja kwenye karatasi tatu, namba ya simu inayojirudia, kosa lile lile la tahajia kwenye neno "mabati": hizo si bei tatu, ni bei moja iliyovaa nguo tatu. Angalia pia kazi moja iliyokatwakatwa, leo rangi ya Sh30,000, wiki ijayo brashi na rangi ya Sh29,000, ili isifike kiwango kinachodai ushindani.

Kisha bidhaa zikifika, mtu azihesabu na kuzipima. Mabati ya geji 30 ni mazito kuliko ya geji 32, ingawa namba kubwa huwadanganya wengi. Geji hupigwa chapa kwenye bati lenyewe, kwa hiyo geuza mawili matatu usome. Gunia la mahindi huuzwa kwa hesabu ya kilo 90. Likiwa na kilo 84, magunia 30 yamepungukiwa na kilo 180, na hicho ni chakula cha mchana cha siku kadhaa. Aliyeagiza asiwe ndiye anayepokea peke yake, na hati ya kupokelea iandikwe kilichopimwa, si kilichoagizwa.

Na ikiwa mwanabodi, mkewe au nduguye ana duka la vifaa vya ujenzi? Atangaze maslahi yake kikaoni, atoke wakati wa mjadala, na kutoka kwake kuandikwe. Kunyamaza "kwa kuwa bei yake ni nzuri" ndiko kunakovunja imani ya wazazi, hata bei ikiwa nzuri kweli.

"Tulipitisha mchango, asiyelipa mtoto arudi nyumbani"

Bodi haina mamlaka hayo. Kifungu cha 29 kinakataza karo ya masomo katika shule ya umma. Malipo mengine yanahitaji idhini ya Waziri kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, na hata yakiidhinishwa mtoto hakataliwi shule kwa kushindwa kulipa. Tena hakuna anayeruhusiwa kukusanya chochote bila kutoa risiti rasmi.

Tunajua jibu linalotolewa: mpango wa chakula cha shuleni utakufa ikiwa nusu tu ya wazazi watalipa. Ni tatizo la kweli, na bodi ina njia za kulishughulikia bila kumwadhibu mtoto. Wekeni kiasi kidogo kinacholipika kwa awamu. Pokeeni mahindi, maharagwe au kuni badala ya pesa, vikipimwa na kuandikiwa risiti kama fedha. Andikeni orodha ya familia zisizojiweza, ikae kwa watu wawili tu, isisomwe gwarideni. Kila mwezi bandikeni ubaoni kilichoingia na kilichotumika, kwa kuwa mzazi asiyeona matumizi huacha kulipa mapema kuliko asiyekuwa na pesa.

Mwanabodi akiona watoto wamepangwa langoni na orodha ya wasiolipa, asisubiri kikao kijacho. Ampigie mwenyekiti na katibu siku hiyo hiyo, akitaja kifungu. Wasipochukua hatua, aandike kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo.

"Nidhamu imeshuka, bodi irudishe viboko"

Haiwezi. Kifungu cha 36 kinakataza adhabu ya viboko na mateso ya kisaikolojia, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au yote mawili. Azimio la bodi halimkingi mwalimu aliyelitekeleza. Sheria inaipa bodi kazi ya kuamua kesi za nidhamu za wanafunzi, kuripoti kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti na kuhakikisha ushauri nasaha unapatikana.

"Nikiwa mwanabodi naweza kuingia darasani wakati wowote"

Mamlaka ni ya bodi ikiwa kikaoni, si ya mtu mmoja mmoja. Ukitaka kuona madarasa, kamati inayohusika na viwango vya masomo na mazingira ipange ziara, imjulishe mwalimu mkuu, iende watu wawili au zaidi na karatasi ya kuandikia. Hesabuni madawati na watoto wanaokaa kwenye kila moja, mashimo ya choo kwa wavulana na kwa wasichana, mabomba yanayotoa maji siku hiyo, madirisha yasiyo na vioo. Msimhoji mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Namba hizo ziingie kwenye ripoti ambayo bodi inatakiwa kuiandaa kila muhula na kuipeleka kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti, na muhula unaofuata mzichukue mkahesabu tena.