Maji ya Njiani Hayalegezi Miguu
Kwenye matembezi ya siku moja pale Shimo la Mungu, mteremko mkali ulioko Newala, mkoani Mtwara, hakosi mtu wa kutoa simu na kusoma ule ujumbe wa siku zote: “Ukipanda, usinywe maji mpaka ufike, miguu italegea.” Si kweli. Kinacholegeza miguu ni jasho lisilorudishiwa: damu hupungukiwa maji, moyo hukimbia, kichwa huuma. Jipime mwenyewe. Panda kwenye mizani kabla ya kutoka na ukirudi, ukiwa na nguo kavu. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Au tazama mkojo: ukiwa mchache na wa njano iliyokoza, umechelewa kunywa.

Mkanganyiko unaeleweka. Mtu anateremka upande wa bonde la Ruvuma akivumilia kiu, kisha kwenye kupanda (hapa kurudi ndiko kupanda, wageni husahau) anagugumia chupa nzima. Tumbo linacheza, kichomi kinambana, lawama zote kwa maji. Mwongozaji mzuri hukusimamisha chini ya mkorosho unywe mafunda machache, tena na tena. Kujilazimisha lita nyingi bila kiu nako kuna hatari yake.

Ujumbe huo ukikufikia, uishie kwako. Usiusambaze.