Mzee wa Khayega hakukosea: dhana potofu kuhusu kutamka majina ya bia za nje

Nilifanya kazi kaunta miaka minne katika baa moja hapa Kisumu, mahali ambapo upepo wa ziwa huingia hadi ndani. Jioni moja mzee kutoka pande za Khayega aliketi, akaitazama friji kwa makini, akaniambia, "Mwanangu, niletee ile Hukhadeni. Iwe baridi." Vijana wawili waliovaa tai, meza ya pili, wakaangua kicheko. Mmoja akamgeukia: "Mzee, hiyo ni Ho-gadeni. Kama gadeni ya maua." Mzee akanyamaza kidogo, halafu akaagiza soda.

Sikumtetea kwa sababu sikujua. Siku hizi najua, na kila nikisikia kicheko cha namna ile kwenye baa, iwe hapa, Kakamega au Nakuru, naumia.

Dhana: Jina la kigeni husomwa kwa Kiingereza

Hii ndiyo mama wa makosa yote. Shuleni tulifundishwa lugha moja ya kigeni, basi kila neno lisilo letu tunalipitisha mlango huo huo. Lakini Hoegaarden, ile bia ya mzee, ni jina la kijiji cha Ubelgiji, upande wa watu wanaosema Kiholanzi, na Kiholanzi kina sheria zake. Herufi "oe" zikifuatana husomwa "u" tu. Herufi "g" si ile ya "gari". Ubelgiji huitamka laini kama "gh" ya "lugha", na sehemu kubwa ya Uholanzi huikwaruza kooni kama "kh". Kwa hiyo jina ni Hu-ghaa-rden, uzito ukiwa mwanzoni. Mzee aliposema "Hukhadeni" alikuwa jirani kabisa na wenye kijiji. Aliyetaja gadeni ya maua ndiye aliyekuwa mbali.

Nikiwa bado kwenye bia hiyo, niseme na kilichomo, maana wateja wengi huuliza mbona ina ukungu. Ni bia ya ngano, yenye mbegu za dania na maganda makavu ya machungwa. Aina hiyo ilikuwa imekufa kijijini pale, hadi Pierre Celis, aliyekuwa muuza maziwa, alipoanza kuipika upya mwaka 1966.

Ukiishika sheria ya "oe", umepata na Windhoek bila gharama. Kiafrikana ni mtoto wa Kiholanzi, kwa hiyo "hoek" ni "huk", na "w" ni "v". Wenyewe Namibia husema Vint-huk.

Stella Artois nayo imewatesa wengi. Nimesikia "Atoisi", "Atoa", hata "Stela ya Atisi". Artois ni jina la ukoo. Sébastien Artois alinunua kiwanda cha bia mjini Leuven mwaka 1717, na jina lake ni la Kifaransa ingawa mji ni wa Kiholanzi. Kifaransa husoma "oi" kama "wa", na "s" ya mwisho haisikiki. Ar-twa, "twa" ile ile ya "twanga". Stella ni Kilatini, maana yake nyota, na bia yenyewe ilitoka mara ya kwanza mwaka 1926 kwa ajili ya Krismasi.

Carlsberg tunaimalizia kwa "g" nzito, Kalsbagi. Wadenmaki huimeza "g" hiyo, unasikia kitu kama Kals-bea. Aliyeanzisha kiwanda mwaka 1847, J.C. Jacobsen, alikipa jina la mwanawe Carl, akaongeza neno la mlima kwa sababu kilijengwa kilimani.

Dhana: Ndimi zetu za huku magharibi haziwezi majina hayo

Hapa naomba nikae, maana hili limetuaibisha bure. Tunacheka Mjaluo kwa kukosa "sh", tunacheka Mluhya kwa hili na lile, halafu tunaamini kwamba aliyezaliwa mbali na Ulaya atakosea tu. Hebu tazama tulicho nacho.

Mluhya anayeweza kutamka Khayega na Khwisero ana sauti ambayo Mwingereza huisaka kwa jasho. Mpe Grolsch, bia ya Uholanzi kutoka mji uliokuwa ukiitwa Grol, ambao sasa ni Groenlo, na ambako kiwanda kilianza mwaka 1615. Mwingereza atasema "Grolshi". Jina ni Khrols. Ile "sch" ya mwisho kwa Kiholanzi ni "s" peke yake, na kazi yake ni kusema "ya Grol".

Mjaluo naye ana "ng'", na kila mtu hapa anaijua kutoka Lwang'ni, ufuoni hapa Kisumu palipovuma kwa samaki. Kijerumani kinayo pia, ila hakiweki kile kialama cha juu. Erdinger, bia ya ngano kutoka mji wa Erding, Bavaria, ambayo kiwanda chake ni cha mwaka 1886, wengi huisoma "Edinga" kwa "ng" ya "ngoma". Mjerumani husema Erding'a, na ile "er" ya mwisho inasikika karibu na "a". Anayesema "chang'aa" vizuri hahitaji mwalimu.

Tsingtao ya China vilevile: ni jina la mji kwa maandishi ya zamani, siku hizi huandikwa Qingdao. Tamka Ching'-dao. Kiwanda kilianzishwa mwaka 1903, Wajerumani walipokuwa wameshika mji huo.

Na "ny"? Tunaishi Nyanza! Pilsner imetokana na mji wa Ucheki ambao wenyewe huuita Plzeň, na kile kialama juu ya "n" maana yake ni "ny" yetu. Huko ndiko Josef Groll, mpishi wa bia kutoka Bavaria, alipopika bia ya kwanza ya rangi ya dhahabu ya aina hiyo mwaka 1842. Kila anayeagiza Pilsner pale Kondele anataja mji wa Ucheki bila kujua. Ile "-er" ya Kijerumani ni kama "ya" yetu: Pilsner ni ya Pilsen, Budweiser ni ya Budweis.

Sauti moja tu ndiyo ngumu kwetu kweli, nayo ni "ö" ya Löwenbräu. Sema "e", kisha kaza midomo kana kwamba unataka kupuliza chai, bila kusogeza ulimi. "W" ni "v" na "äu" ni "oi": Lö-ven-broi. Maana yake ni bia ya simba, na simba yuko kwenye nembo.

Dhana: Kila jina lina shida

La. Peroni, Moretti, Modelo, Asahi, Kirin, Sapporo: zisome kama unavyosoma gazeti la Kiswahili. Irabu za Kiitaliano, Kihispania na Kijapani zinakaribiana mno na zetu. Mtu mwenye digrii atakwambia "Asaahai". Mwache mama mboga asome, atapata.

Guinness haisomwi "Gwinesi". "U" imenyamaza, ni Gi-nis. Arthur Guinness alikodi kiwanda chake cha Dublin mwaka 1759 kwa miaka 9,000.

Dhana: Tusker ni Kiswahili

Hii wanayo wageni, na nimewaeleza wengi. Ni Kiingereza, humwita ndovu mwenye pembe. Kiwanda kilianzishwa mwaka 1922, na mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi, George Hurst, aliuawa na ndovu alipokuwa akiwinda. Jina likatoka hapo.

Dhana: Kuna matamshi sahihi mamoja tu

Budweiser ya Marekani huitwa Badwaiza na walioitengeneza, na kwa bia yao wako sawa. Lakini mji wa Budweis, ambao Wacheki huuita České Budějovice, una kiwanda chake cha mwaka 1895, na Mjerumani akilitaja jina hilo husema Bud-vai-za. Pande hizo mbili zimegombania jina mahakamani kwa miaka mingi katika nchi nyingi. Leffe nayo, Mbelgiji wa Kifaransa husema Lef na kuishia hapo, mwenzake wa Kiholanzi husema Lefe. Wanakunywa meza moja.

Ndiyo maana siwezi kukubali dhana ya mwisho, kwamba mhudumu anayejua matamshi amsahihishe mteja mbele za watu. Mteja akisema "Atoisi", mimi namletea Stella. Ninapoiweka mezani nasema, "Stella Ar-twa yako hii, mzee, nifungue?" Akitaka, atalichukua jina. Asipotaka, bia yake bado ni baridi.

Mzee wa Khayega alirudi baada ya miezi kadhaa. Safari hiyo hakutaja jina, alinyoosha kidole tu kwenye friji. Nikaitoa chupa, nikasema kwa sauti ya kusikika hadi meza za nyuma, "Hukhadeni moja, baridi, ya mzee." Akanitazama. Kisha akasema, "Lete mbili, mwanangu."