Mnara Umefika, Kasi Bado: Kinachokwamisha Intaneti Vijijini Kanda ya Kati

Katika kijiji kimoja kilicho nyuma ya milima ya Mpwapwa kuna mbuyu ambao wenyeji wanauita mbuyu wa mtandao. Kwenye gome lake, usawa wa kifua, mtu alichonga kitundu kinachotosha simu kukaa wima, na chini yake yamepangwa mawe matatu ya kukalia. Nilipofika hapo kwa kazi ya kupima mawimbi nilimkuta nesi wa zahanati ameketi kwenye jiwe la katikati, akisubiri taarifa ya chanjo ya mwezi imalize kupanda. Alinieleza kwamba akiitoa simu kwenye kile kitundu, hata kwa upana wa kiganja, kazi inakatika na inambidi aanze upya. Mnara wa simu haukuwa mbali: kutoka pale mbuyuni tuliuona juu ya kilima, mpya, haujachakaa hata rangi.

Nimeanza na nesi huyo kwa sababu swali ninaloulizwa kuliko yote na wenyeviti wa vijiji, walimu na wanunuzi wa alizeti wa Dodoma na Singida ni hili: mbona mnara tumepata lakini intaneti haiendi? Ni swali la haki kabisa, na anayeuliza anastahili jibu kamili badala ya kuambiwa kwamba mtandao unasumbua.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya, yaani simu kushika na intaneti kuwa na kasi. Teknolojia ya kizazi cha pili, 2G, ilitengenezwa kwa ajili ya sauti na ujumbe mfupi. Huduma za pesa kwa simu, kama M-Pesa iliyoanza hapa nchini mwaka 2008, zinapita vizuri kwenye njia hiyo nyembamba, ndiyo maana bibi aliyeko Farkwa anaweza kupokea fedha kutoka kwa mjukuu wake kwa simu ya kitochi bila shida yoyote. Lakini zahanati inayotumia GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa kuendesha shughuli za vituo vya afya, shule inayotaka wanafunzi wake waone jaribio la kemia ambalo maabara yao haina vifaa vyake, au mfugaji anayemtumia daktari wa mifugo video ya ng'ombe anayechechemea, wote hao wanahitaji 3G, na kwa hakika zaidi 4G. Kwa hiyo kijiji kinaweza kuhesabiwa kuwa kimefikiwa na mawasiliano, na hesabu hiyo ikawa ya kweli, huku nesi wake akiendelea kwenda mbuyuni.

Jambo la pili halionekani kwa macho, nalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito mkubwa zaidi. Mnara hautengenezi intaneti. Mnara ni kama kioski cha maji cha kijiji, na watu wa kanda hii hawahitaji kufundishwa habari za maji. Unaweza kujenga kioski kizuri chenye koki sita na simtanki kubwa juu yake, lakini kama bomba linaloleta maji kutoka kwenye chanzo ni la nusu inchi, foleni ya ndoo itabaki palepale. Mnara nao una bomba lake, kiungo kinachouunganisha na mkongo, yaani njia kuu ya mawasiliano ya nchi, na kiungo hicho ndicho kinachoamua kasi atakayoipata mwananchi. Chukua mfano wa mnara unaolishwa na kiungo cha megabiti 50 kwa sekunde. Saa kumi alfajiri, watu watano wakiwa macho, kila mmoja ataisifu kampuni yake. Saa mbili usiku, watu 200 wakiwa wamefungua simu janja zao kwa pamoja, kila mmoja anabaki na robo ya megabiti, wakati video ya ubora wa kawaida tu inahitaji takribani megabiti moja. Alama ya 4G itaonekana juu ya kioo cha simu na vijiti vyote vimejaa, kwa kuwa vile vijiti hupima nguvu ya mawimbi kati ya simu na mnara na havisemi lolote kuhusu bomba lililo nyuma ya mnara.

Chanzo chenyewe kipo. Nyaya za baharini za SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010 zilifika Dar es Salaam, na mwaka huohuo wa 2009 ukaanza ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na shirika la simu la taifa, TTCL, ambao unapita hapa Dodoma na kuendelea kwenye mikoa mingine. Mkongo huo ni wa faiba, nyuzi nyembamba za kioo zinazobeba taarifa kwa mwanga, na mwanga ndani yake husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo zile kilomita 450 hivi kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma zinamalizwa kabla hujapepesa jicho. Ni kweli kwamba chanzo nacho huyumba: Mei 2024, SEACOM na EASSy zilipopata hitilafu, aliyeko Kongwa na aliyeko Kariakoo walikwama pamoja. Hata hivyo, katika siku za kawaida tatizo la kijiji cha Chemba haliko baharini wala kwenye mkongo. Liko katika zile kilomita 30 au 60 za mwisho kutoka makao makuu ya wilaya hadi kwenye mnara.

Kilomita hizo kwa kawaida huvukwa kwa mawimbi ya redio yaitwayo maikrowevu badala ya faiba. Ukitazama juu ya mnara utaona madishi ya duara yanayofanana na ngoma. Kila dishi linatazamana na lenzake lililo kwenye mnara mwingine, na lazima yaonane bila kilima wala kichaka kirefu kuingia katikati. Kwenye tambarare za Bahi kazi hiyo ni rahisi. Kwenye milima ya Irangi kule Kondoa, au kwenye mikunjo ya Rubeho, ishara hulazimika kupokezwa mnara hadi mnara, na mnara wa mwisho kwenye mnyororo hupata kilichobakizwa na wenzake. Mnara mmoja wa katikati ukizimika, vijiji vyote vilivyo mbele yake vinazimika pamoja nao.

Faiba ingemaliza sehemu kubwa ya ugumu huu, ila gharama yake iko kwenye kuchimba zaidi kuliko kwenye waya wenyewe. Nami nasema kwa msisitizo kwamba barabara ya wilaya inapofunguliwa, au mtaro wa bomba la maji unapochimbwa, ni hasara kubwa kuufukia bila kuacha mrija mtupu wa kupitishia faiba baadaye. Panapochimbwa, pachimbwe kwa kuijua ardhi. Kondoa ina makorongo ya mmomonyoko ambayo mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza kupambana nayo mwaka 1973, na mtaro usio na kina cha kutosha kandokando ya korongo kama hilo unaweza kuachwa wazi na maji ya msimu mmoja.

Masafa ya mawimbi nayo yana tabia zake. Mawimbi ya bendi za chini, kama 700 na 800 megahezi, husafiri mbali na hupenya miti na kuta vizuri zaidi, ilhali yale ya bendi za juu hubeba mzigo mkubwa lakini huchoka mapema. Bendi hizo za chini zilikuwa zikitumiwa na televisheni za analojia, ambazo mitambo yake ilianza kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012 jijini Dar es Salaam. Wazee wanaokumbuka usumbufu wa kununua kingʼamuzi wakati ule huenda hawakuambiwa kwamba moja ya faida za zoezi lile ni hii, kwamba nafasi ilipatikana hewani kwa ajili ya intaneti ya watu wanaoishi kwa kutawanyika kama wa kwetu.

Umeme nitaugusa kwa ufupi. Mnara usio karibu na gridi hutegemea jua, betri na jenereta, na kati ya Desemba na Aprili, mito yetu ya mchanga inapojaa, fundi anaweza kukaa ng'ambo siku mbili akisubiri maji yapungue. Betri zikiibwa, huduma hufa kabisa. Ulinzi wa sungusungu umesaidia zaidi ya kamera pale ambapo kijiji kinauona mnara kuwa wa kwake. Satelaiti za mzingo wa chini, zinazozunguka kilomita mia kadhaa tu juu yetu badala ya 35,786 za zile za zamani, zimepunguza sana ucheleweshaji, nazo zinaifaa shule au zahanati iliyo peke yake. Kwa kijiji kizima bado bei ya kifaa ni mzigo.

Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, upo kwa ajili ya maeneo ambayo kampuni zisingekwenda zenyewe kwa kuwa hayalipi. Tarehe 13 Mei 2023, hapa Dodoma, ilisainiwa mikataba ya kujenga kwa ruzuku minara 758 katika kata 713 nchini. Hiyo ni hatua kubwa na naiheshimu. Ninachoomba ni kwamba, mnara unapoletwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wananchi wasiishie kuuliza utasimama wapi na nani atalipwa kodi ya kiwanja. Waulize utawashwa na teknolojia gani, 2G pekee au hadi 4G. Waulize kiungo kinachoulisha kina megabiti ngapi, na kitaongezwa lini watumiaji wakiongezeka. Waulize umeme ukikatika betri zinadumu saa ngapi. Mtendaji wa kijiji aandike majibu hayo kwenye muhtasari wa mkutano.

Na huduma ikiwa mbovu, lalamiko lenye vipimo hufika mbali kuliko lalamiko la jumla. Pima kasi kwa programu ya simu mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na saa mbili usiku, kwa muda wa wiki moja, ukisimama mahali palepale. Andika tarehe, saa, kitongoji na aina ya mtandao ulioonekana kwenye kioo. Kasi ikiwa nzuri alfajiri na ikaanguka usiku, bomba limezidiwa. Ikiwa mbovu saa zote pale ulipo lakini nzuri chini ya mnara, tatizo ni mawimbi kutokufikia. Peleka karatasi hiyo kwanza kwa mtoa huduma wako na utunze nakala. Usipojibiwa, ipeleke TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kati hapa Dodoma. Yule nesi alipima kwa siku saba, kwa kalamu, nyuma ya daftari la kliniki, na karatasi yake ilionyesha bila utata kwamba saa za jioni kasi ilikuwa ikianguka hata pale mbuyuni.